Sir William Osler: Daktari Aliyewalea Walimu wa Madaktari

Mara hii tunapenda kuwasimulieni maisha ya daktari mmoja ambaye jina lake halitajwi sana mitaani kwetu, lakini ni vigumu kumpata daktari ambaye hajalisikia. Huyo ni Sir William Osler, aliyezaliwa Kanada mwaka 1849 na kufariki Oxford, Uingereza, mwaka 1919. Wengi humkumbuka kwa kitabu chake kikubwa cha magonjwa. Sisi tuliokula chaki miaka mingi tunavutwa na jambo jingine katika maisha yake, nalo linamhusu kila mtu aliyewahi kulazwa. Yule kijana wa koti jeupe anayekuja kitandani na kukubonyeza tumbo, kuna aliyemfundisha. Je, yule aliyemfundisha, nani alimfundisha kufundisha?

Baba yake William aliitwa Featherstone Lake Osler. Alikuwa kwanza afisa katika jeshi la majini la Uingereza, kisha akaacha bahari, akasomea ukasisi, na mwaka 1837 akaenda Kanada pamoja na mkewe Ellen kuwa mmisionari wa Kanisa Anglikana. Usharika wake ulikuwa msitu mtupu kaskazini ya Toronto, na alizunguka kwa farasi katika matope na theluji kuwatembelea walowezi waliotawanyika mbali mbali. William alizaliwa katika kijiji cha Bond Head tarehe 12 Julai, 1849, mtoto wa nane kati ya tisa. Mwaka 1857 familia ikahamia mji mdogo wa Dundas, ili watoto wapate shule.

Shule waliipata, lakini William hakudumu nayo. Alikuwa mtundu kupita kiasi. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja mwalimu alifungua darasa akakuta limejaa mabata bukini. Mwisho wa yote alifukuzwa shule. Walimu wanaosoma haya wamekwisha kumtambua mtoto huyu, maana kila darasa lina mmoja, na mara nyingi si mjinga bali ni mtu ambaye bado hajapewa kazi ya kutosha.

Kazi aliipewa na kasisi mmoja. Mwaka 1866 alipelekwa katika shule ya bweni ya Trinity College School mahali paitwapo Weston, karibu na Toronto. Mkuu wake alikuwa Kasisi William Arthur Johnson, mtu aliyependa mimea, mawe na vijidudu. Johnson hakuridhika na masomo ya darasani. Siku za mapumziko aliwachukua wavulana wachache mpaka mitoni na machimboni, wakaokota ukungu wa majini na mawe ya kale, wakarudi nyumbani kwake kuyatazama kwa hadubini. Jioni aliwasomea kurasa za kitabu cha Religio Medici, kilichoandikwa na daktari Mwingereza wa karne ya 17, Sir Thomas Browne. William alikipenda kitabu hicho mpaka mwisho wa maisha yake.

Mwaka 1867 aliingia Trinity College mjini Toronto kwa nia ya kuwa kasisi kama baba yake. Mwaka mmoja baadaye akawaarifu wazazi kwamba moyo wake uko katika udaktari. Waliotarajia ugomvi hawakuuona. Huko Toronto alipokelewa na Daktari James Bovell, tabibu msahaulifu mwenye mawazo elfu, ambaye baadaye yeye mwenyewe aliacha udaktari akawekewa mikono kuwa kasisi huko West Indies. Bovell alimruhusu kijana akae nyumbani kwake na kuchimbua vitabu vyake apendavyo. Mwaka 1870 Osler alihamia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na hapo Daktari Robert Palmer Howard akamfungulia mlango wa maktaba yake vile vile. Alipata shahada mwaka 1872. Miaka 20 baadaye, alipotoa kitabu chake kikubwa, alikitabaruku kwa watu watatu, nao ni hawa: Johnson, Bovell na Howard.

Tunakaa kidogo juu ya watu hawa kwa sababu tunaamini hapo ndipo Osler alipojifunza ualimu. Hakupita chuo cha ualimu, wala hakuna daktari wa zama zile aliyepita. Lakini watu watatu walimkalisha karibu nao, wakamwonyesha kitu, wakamwacha akitazame mwenyewe kabla hawajasema neno. Akakua akidhani kwamba hivyo ndivyo watu wanavyofundishwa.

Alipokwisha kusoma zaidi London, Berlin na Vienna, alirudi McGill mwaka 1874 kuwa mwalimu, akiwa na umri wa miaka 25. Walimtaka atoe mihadhara. Alitoa, kwa taabu, maana hakuwa msemaji. Uhai wake ulikuwa mahali pengine. Alikubali kuhudumia wodi ya wagonjwa wa ndui, kazi iliyoogopwa na wengine, na yeye mwenyewe akashikwa na ndui, ingawa si kwa ukali. Mshahara wa kazi hiyo hakuuweka mfukoni bali aliagiza hadubini kutoka Ufaransa ili wanafunzi watazame kwa macho yao. Aidha alipasua mamia ya maiti, wanafunzi wakiwa wamemzunguka, ili wajue kama ugonjwa waliousema wakati mtu yu hai ndio uliomwua. Mara nyingi sio. Osler hakuona haya kuwaonyesha mahali yeye mwenyewe alipokosea.

Mwaka 1884 aliitwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Barua ilimkuta Leipzig, Ujerumani, akashindwa kuamua, basi akarusha sarafu hewani. Sarafu ikasema aende. Alipofika kwenye posta kupeleka simu ya kukubali aligundua kwamba hana fedha mfukoni, maana sarafu ile ile aliiacha mezani. Wanafunzi wa Philadelphia walizoea maprofesa wa kunguruma jukwaani, wakaona ameingia mtu mwembamba mwenye masharubu, akakaa pembeni mwa meza akibembeza miguu na kusitasita katika maneno. Walisikitika. Walipomfuata wodini walibadili mawazo.

Ili kuelewa alichofanya baadaye, inafaa kujua jinsi udaktari ulivyofundishwa Marekani kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Katika shule nyingi mwanafunzi alilipa karo, akakaa ukumbini pamoja na mamia ya wenzake, akasikiliza mihadhara kwa miezi michache. Mwaka wa pili alirudi kusikiliza mihadhara ile ile. Kisha akapewa cheti. Aliweza kuondoka na cheti hicho bila kumpima mgonjwa hata mmoja kwa mikono yake. Mgonjwa wake wa kwanza ndiye aliyekuwa daftari lake la mazoezi, na makosa ya zoezi la namna hiyo hayafutwi kwa ufutio.

Mwaka 1889 Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mjini Baltimore, na Osler akafanywa mganga mkuu wa magonjwa ya ndani. Shule ya udaktari ilikusudiwa ifunguliwe pamoja nayo, lakini fedha zilipungua. Osler akatumia nafasi hiyo kuandika kitabu chake, kikatoka mwaka 1892. Mwaka huo huo alimwoa Grace Revere, mjane wa daktari mwenzake. Fedha za shule zilikusanywa na wanawake. Mmoja wao, Mary Garrett, alitoa zaidi ya dola 300,000, lakini kwa masharti: wanawake wapokewe sawa na wanaume, na kila anayeingia awe amekwisha kupata shahada. Mabwana wa chuo walikuna vichwa, kisha wakakubali. Osler alimtania mwenzake, Profesa Welch, kwamba ni bahati yao wawili wameingia kama maprofesa, maana kama wanafunzi wasingepokewa. Shule ilianza mwaka 1893 na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake.

Sasa tufike wodini. Wanafunzi wa mwaka wa tatu Osler aliwakutanisha katika chumba kilichokuwa karibu na mahali pa kupokea wagonjwa wa nje. Aliletwa mgonjwa ambaye hawajamwona. Mwanafunzi mmoja aliitwa mbele, akaambiwa atazame. Asiguse, asiulize, atazame kwanza: rangi ya ngozi, pumzi, vidole, namna mtu anavyokaa. Kisha aguse. Kisha asikilize kifua. Akikwama, Osler hakumpa jibu, bali alimpa swali dogo zaidi. Kama swali lilihitaji kitabu, mwanafunzi aliondoka nalo, na wiki nyingine alidaiwa majibu mbele ya wenzake. Hakusahauliwa.

Wa mwaka wa nne waliingia wodini kabisa. Utaratibu huu aliutoa Uingereza, ambako ulikuwepo tangu zamani, lakini Marekani ulikuwa jambo geni. Kila mwanafunzi alikabidhiwa wagonjwa wachache wawe wake. Aliandika habari zao, akawapima, akachunguza mkojo na damu yao mwenyewe, na Osler alipopita saa tatu asubuhi, mwanafunzi ndiye aliyesimama kando ya kitanda na kueleza. Siku hizo Baltimore ilikuwa na malaria na homa ya matumbo, na madaktari wengi walizichanganya. Mwanafunzi wa Osler alitakiwa kutoa tone la damu na kutafuta vijidudu vya malaria kwa hadubini. Akiviona, mgonjwa alipewa kwinini akapona. Asipoviona, na dalili zote zikasema homa ya matumbo, kwinini haikuwa na faida, na kilichobaki ni uuguzi wa makini kwa majuma mengi. Sisi tunaoishi na homa tunajua uzito wa tone hilo la damu. Kila mwaka pia aliunda kamati ya wanafunzi wa kufuatilia wagonjwa wote wa homa ya matumbo na nyingine ya nimonia, nao walisimama mbele ya shule nzima kueleza ni wangapi waliopona na wangapi waliokufa.

Lakini mtu mmoja hawezi kusimama kando ya kila kitanda. Hapa ndipo tunapoona kazi yake iliyo kubwa kuliko kitabu. Kutoka Ujerumani alichukua desturi ya kuwa na madaktari vijana wanaoishi ndani ya hospitali, si kwa mwaka mmoja bali miaka kadhaa, chini ya mkuu wao. Alipopita wodini walikuwa nyuma yake kila siku. Waliona jinsi alivyouliza na jinsi alivyonyamaza, jinsi alivyomrekebisha mwanafunzi bila kumfedhehesha mbele ya mgonjwa. Kisha akawapa makundi yao wenyewe. William Sydney Thayer aliwafundisha wanafunzi kupima mwili kwa mikono na masikio. Charles Emerson aliwasimamia katika chumba cha hadubini. Wakati wa kiangazi Osler alisafiri, akamwachia wodi yote mkuu wa madaktari wale. Wako watakaosema kwamba alikuwa anapumzika, na kweli alipumzika, lakini kijana aliyeachiwa wodi na wanafunzi kwa miezi kadhaa hakurudi kuwa yule wa kwanza.

Sisi katika chuo cha ualimu tulikwenda mazoezini na andalio la somo mkononi, mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akiandika kila tulichofanya. Ilikuwa taabu, lakini hakuna aliyedhani kwamba kujua hesabu kunatosha kufundisha hesabu. Kwa madaktari dhana hiyo ilidumu muda mrefu mno: aliyejua ugonjwa alihesabiwa kuwa mwalimu wa ugonjwa. Daktari hodari ana kishawishi chake. Analiona jibu kabla mwanafunzi hajavua koti, na ulimi unamwasha. Akilitoa, mwanafunzi ameona ustadi wa mkubwa wake, lakini hajafanya kazi yoyote kichwani. Kuuzuia ulimi huo ni ufundi, na Osler aliurithisha kwa kuishi na watu, si kwa kuandika kanuni.

Wengi wa vijana hao walitawanyika na desturi hiyo. Henri Lafleur, mkuu wa kwanza wa madaktari wake, alirudi Montreal kufundisha. Thomas McCrae alikwenda Philadelphia, Emerson akawa mkuu wa shule ya udaktari ya Indiana. Mwaka 1910 Abraham Flexner alipotoa taarifa yake kali juu ya shule za udaktari za Marekani na Kanada, kipimo alichokitumia kilikuwa Johns Hopkins, na shule nyingi dhaifu zikafungwa.

Haifai kuficha kwamba mafundisho hayo yalifanyika juu ya miili ya maskini. Mwenye fedha alitibiwa bila kuzungukwa na wanafunzi, na wagonjwa weusi wa Baltimore walilazwa katika wodi yao peke yao, kama ilivyokuwa sheria na desturi mbaya ya mahali pale. Osler hakuiondoa desturi hiyo, na baadhi ya maneno yake juu ya watu wasio weupe hayapendezi kusomwa leo. Alichokidai kwa wanafunzi ni kwamba mgonjwa aliye mbele yao asifanywe kioja. Alimsalimu, akamtania akacheka, akamrudishia shuka yake mahali pake kabla hajaondoka. Wanafunzi waliiga hilo pia, maana mwanafunzi huiga asichoambiwa upesi kuliko alichoambiwa.

Jumamosi jioni wanafunzi wachache walialikwa nyumbani kwake, Nambari 1, West Franklin Street. Walikaa kuzunguka meza, wakazungumza juu ya wagonjwa waliowashinda juma lile, kisha Osler akaleta kitabu cha kale na kuwaeleza habari za aliyekiandika. Mtaona kwamba ni Johnson wa Weston tena. Nyumba ya jirani walikaa madaktari vijana, mmoja wao Harvey Cushing aliyekuja kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na Osler aliwapa ufunguo wa nyumba yake waingie maktaba saa yoyote.

Mwaka 1905 alikwenda Oxford kuwa profesa mkuu wa udaktari aliyeteuliwa na mfalme. Katika kuaga Baltimore alitoa hotuba iliyomletea balaa. Alisema kwa mzaha kwamba kazi kubwa za dunia hufanywa kabla ya miaka 40, na kwamba wenye miaka 60 na zaidi wangefaa kustaafu, akaongeza mfano kutoka riwaya moja, akisema kwamba humo wazee hulazwa usingizi wa klorofomu. Magazeti yakauchukua mzaha kama sheria. Alitukanwa kwa miezi. Sisi tulio katika umri huo tumemsamehe, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe alipofika 60 hakustaafu.

Mwaka 1911 alipewa cheo cha Sir. Nyumba yake ya Oxford ilijaa wageni, wanafunzi na watoto wa majirani, ambao aliwapenda mno. Yeye na Grace walikuwa wamempoteza mtoto wao wa kwanza akiwa na umri wa juma moja, mwaka 1893. Wa pili, Edward Revere, alizaliwa mwaka 1895, akakua akipenda vitabu na uvuvi. Vita Kuu ilipokuja alikwenda katika jeshi la mizinga. Mwishoni mwa Agosti 1917 alijeruhiwa karibu na Ypres, Ubelgiji. Madaktari wa Marekani waliokuwa karibu walikimbia kumwokoa, na miongoni mwao alikuwa Cushing, yule yule aliyepewa ufunguo. Walimpasua usiku wakashindwa, akafa alfajiri ya tarehe 30. Alikuwa na miaka 21.

Osler aliendelea kufanya kazi mchana, na watu wa nyumbani walimsikia akilia usiku. Mwaka 1919, mwenye miaka 70, alishikwa na nimonia, ugonjwa aliokuwa amewatuma wanafunzi wake kuuhesabu mwaka baada ya mwaka. Aliufuata ulivyopanda mwilini mwake kama mtu anayemfuata mgonjwa wa wodini. Alifariki tarehe 29 Desemba, na ibada ya mazishi ikafanywa katika kanisa la Christ Church, Oxford, siku ya kwanza ya mwaka 1920. Juu ya jeneza waliweka nakala yake ya Religio Medici. Vitabu vyake, zaidi ya elfu saba, alivirithisha McGill, na majivu yake yamehifadhiwa huko kati ya vitabu hivyo. Alikuwa amesema alipokuwa hai kwamba hakutamani kukumbukwa kwa jambo lingine ila kwamba aliwafundisha wanafunzi wa udaktari wodini.

Ule mji mdogo wa Dundas alikofukuzwa shule sasa umeunganishwa na Hamilton, na huko Hamilton, mwaka 1969, Chuo Kikuu cha McMaster kilipokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari. Chuo hicho kilipunguza sana mihadhara. Wanafunzi wachache hukaa na mkufunzi mmoja, wakapewa habari za mgonjwa kidogo kidogo, wakajadiliana wanachojua na wasichojua, wakaenda kutafuta, wakarudi. Mtindo huu umesambaa ulimwenguni, na kwetu Afrika Mashariki Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimeutumia katika shule yake ya udaktari tangu ilipoanza. Bado wataalamu wanabishana kama mkufunzi wa kundi la namna hiyo lazima awe bingwa wa ugonjwa unaojadiliwa, au inatosha ajue kuliongoza kundi. Maoni yetu ni kwamba ujuzi unahitajika, ili ajue kundi linapopotea kweli na linapozunguka tu kabla ya kufika.

Hata hivyo, ilionekana mapema kwamba madaktari hodari huharibu makundi hayo kwa kugeuza kila kikao kuwa mhadhara. Basi wakaanza kuandaliwa. Daktari huhudhuria semina, hukaa kimya katika kundi la mkufunzi mzoefu akitazama, kisha huongoza kundi lake naye akitazamwa. Na kikao kinapokwisha kila mmoja hupimwa, mkufunzi naye akiwamo, kwa hiyo ni juu ya wanafunzi kumwambia daktari ni wapi alipoongea mno.